Kufuturu Baada ya Zamu: Chakula Kimfaacho Mfanyakazi Mwenye Saumu



Kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia, tunakumbushana juu ya sala, sadaka na subira. Hilo ni jambo jema. Lakini liko jambo moja ambalo mara nyingi huachwa lijiendee lenyewe, nalo ni mlo wa jioni. Mtu hushinda kutwa bila chakula wala maji, akiwa mbele ya mashine au katikati ya mistari ya chai, na jua likichwa hula kwa pupa kila kilicho mbele yake. Kesho yake hufika kazini kichwa kikimgonga, tumbo limejaa gesi, na mwili mzito kama gunia. Ukimwuliza, atakujibu kwamba saumu imemchosha. Ukimwuliza alikula nini jana jioni, utagundua kwamba iliyomchosha ni futari.

Makala hii inaeleza jinsi mfanyakazi anavyoweza kufuturu kwa afya kwa chakula kile kile anachokipata, bila kuongeza gharama ambayo mshahara wake hauiwezi. Tunawakusudia wenzetu wa viwanda vya Mbarara, wavuna chai wa Igara na Buhweju, vibarua wa mashamba ya migomba wa Isingiro, na ndugu zetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambao wengi wao hutoka asubuhi kwenda leja-leja na kurudi jioni wakiwa na saumu.

TUNAOFUNGA NI WENGI

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo ya zamani kabisa katika Afrika. Yalianza mwaka 1958 kwa kupokea ndugu waliotoka Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wasudani Kusini, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha sokoni na kisimani. Watu wa namna hiyo hawawezi kuwa na saumu ya aina moja.

Waislamu hufunga mwezi mzima wa Ramadhani kuanzia alfajiri hadi magharibi. Wakatoliki na baadhi ya Wakristo wengine huwa na Kwaresima. Waethiopia na Waeritrea wa kanisa la Orthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, na tena kwa siku 55 kabla ya Pasaka. Wako pia ndugu wa makanisa ya maombi ambao hufunga siku 3 au zaidi, na baadhi yao hawanywi hata maji.

Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 ya mwezi huo huo. Kwa hiyo, katika kiwanda kimoja, Mwislamu na Mkatoliki walikuwa katika mfungo kwa wakati mmoja. Machi ndio mwanzo wa mvua kubwa katika Ankole, majani ya chai huchipua kwa wingi, na kazi ya mashambani huongezeka. Ndiyo maana jambo hili si la msikitini na kanisani tu. Ni jambo la kazi, na chama cha wafanyakazi kinahusika nalo.

MWILI WAKATI WA SAUMU

Mbarara ipo karibu sana na mstari wa Ikweta. Kwa sababu hiyo, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na saumu yetu huwa ya saa 13 na dakika kidogo, iwe Ramadhani imeangukia Machi au Desemba. Wenzetu wa Ulaya hufunga saa 17 au zaidi Ramadhani ikiangukia kiangazi chao. Sisi tumepungukiwa na mzigo huo, lakini tuna mzigo mwingine: wengi wetu hufanya kazi ya mikono, katika joto la mitambo au juani.

Mwili una akiba yake. Baada ya kula daku, sukari ya chakula huingia katika damu, na nyingine huwekwa katika ini. Akiba hiyo ya ini humtosha mtu kwa muda wa nusu siku hivi, na mtu wa kazi nzito huimaliza mapema zaidi. Inapopungua, mwili huanza kutumia mafuta uliyoyahifadhi. Mtu mwenye afya hapati dhara lolote kwa hayo. Mwili umeumbwa kuyaweza.

Maji ni jambo jingine. Mwili hauna ghala la maji. Yanatoka kwa jasho, kwa pumzi na kwa mkojo, na hayarudi mpaka magharibi. Kwa hiyo, ifikapo saa 11 jioni, kinachomsumbua mwenye saumu zaidi huwa ni kiu kuliko njaa. Dalili zake ni kichwa kuuma, macho kuwa mazito, mkojo kuwa mchache na wa rangi iliyokolea, na fikira kuwa za polepole. Aliyezoea chai au kahawa kila asubuhi huumwa kichwa zaidi siku za mwanzo, kwa kuwa mwili unaidai ile chai. Ashauriwe kuipunguza kidogo kidogo wiki moja kabla ya mwezi kuanza.

Ukifahamu hayo, utaona kwamba mwenye saumu anahitaji mambo matatu, tena kwa mpango: kwanza maji, pili sukari kidogo ya kuamsha mwili, na tatu chakula kamili cha kujenga na kutia nguvu. Kosa letu ni kuyataka yote matatu kwa dakika 5.

FUNGUA KIDOGO, KISHA PUMZIKA

Jua la Mbarara huchwa karibu na saa 1 jioni, likitangulia au kuchelewa kwa robo saa kufuatana na mwezi. Adhana ikilia, anza na kikombe kimoja au viwili vya maji safi, uyanywe kwa kutua. Maji ya barafu yanayogugumiwa kwa mkupuo huweza kuleta msokoto wa tumbo. Pamoja na maji, kula tende 2 au 3.

Sunna ya kufungua kwa tende au kwa maji inakubaliana vizuri na elimu ya afya. Tende ina sukari inayofika upesi katika damu, ina madini, na ina nyuzinyuzi za kusaidia choo. Tende zikiadimika au bei ikipanda, usikope kwa ajili yake. Ndizi mbivu moja, kipande cha papai, au kikombe cha uji mwepesi wa ulezi au mtama vinafanya kazi hiyo hiyo, na vyote hivi ni mazao ya ardhi yetu.

Baada ya hapo, sali. Dakika 10 au 15 za sala ni muda wa kutosha kwa tumbo lililolala kutwa kuamka na kwa sukari kufika kichwani. Ukirudi kwenye mkeka utakuta ile njaa kali imepoa, na utakula kama mtu mwenye hesabu. Asiyesali naye anaweza kukaa tu kwa muda huo huo na kupumua.

MAFUTA NA SUKARI

Desturi yetu ni kupamba futari kwa vitu vya kukaanga: sambusa, bajia, mandazi, kachori, chapati. Hatusemi vipigwe marufuku. Sambusa moja kwa furaha ya mwezi haimdhuru mtu. Taabu ipo pale futari nzima inapokuwa mafuta. Mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, huleta kiungulia mtu anapolala, na huongeza uzito. Ndiyo maana wako watu wanaofunga siku 30 na kuumaliza mwezi wakiwa wanene kuliko walivyouanza. Mbaya zaidi ni mafuta yaliyotumika mara nyingi mpaka yakawa meusi, kama tunavyoyaona kwenye karai za kando ya barabara.

Juu ya sukari, hesabu ni hii. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ipatayo vijiko vidogo 8. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe vijiko vidogo 12 kwa siku nzima, na ni bora zaidi akiishia 6. Mtu anayefuturu kwa soda moja na chai ya vijiko 4 ameshajaza kipimo kabla hajagusa chakula. Sukari hiyo hupanda upesi katika damu na hushuka upesi, na baada ya saa moja au mbili mtu husikia uchovu na njaa tena.

Mwandishi wa makala hii aliyajifunza hayo kwa mwili wake. Katika ujana wake, kwenye zamu ya jioni ya kiwanda kimoja, alikuwa akifuturu kwa mandazi manne na soda baridi akiwa amesimama, kwa sababu ilikuwa ndiyo njia ya haraka. Kila siku saa 3 usiku alikuwa akisinzia mbele ya mkanda wa mashine, na aliamini kuwa ni udhaifu wa imani.

SAHANI INAYOTOSHA

Mlo mkubwa baada ya sala uwe wa kuchemsha au kuchoma zaidi kuliko kukaanga. Uwe na vitu vitatu: cha kutia nguvu, cha kujenga mwili, na cha kulinda mwili.

Cha kutia nguvu tunacho tele: matoke, viazi vitamu, mihogo, posho, wali. Watu wa pwani hufuturu kwa muhogo na viazi vya kuchemsha, na hakuna sababu sisi wa Ankole tudharau viazi vyetu.

Cha kujenga mwili, kwa mfanyakazi wa kawaida, ni maharage. Wengi huyaona kuwa chakula cha umaskini. Ukweli ni kwamba mahindi peke yake yana upungufu wa aina fulani ya protini, na maharage yanayo ile iliyopungua. Yakiliwa pamoja hukamilishana, hata yakakaribia nyama. Karanga husaidia pia, na dagaa wakavu, ambao hapa wengi wetu tunawaita mukene, wana protini na chokaa ya mifupa kwa bei nafuu. Wakaao karibu na Ziwa Nakivale hupata samaki wabichi. Samaki wa kuchemsha na nyanya ni futari bora kuliko samaki wa kuzamishwa katika mafuta.

Cha kulinda mwili ni mboga na matunda: dodo, sukuma wiki, kabichi, nyanya, papai, ndizi, machungwa, maembe ya msimu. Ndugu zetu wa Kongo wana sombe, mboga yenye manufaa makubwa, lakini ni lazima itwangwe vizuri na ichemshwe kwa muda mrefu, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Ankole ni nchi ya maziwa. Kikombe kimoja jioni na kingine wakati wa daku ni chakula na kinywaji kwa pamoja. Lakini maziwa mabichi yachemshwe mpaka yaumuke, hata kama muuzaji anaapa kuwa ng'ombe wake ni wazima. Maziwa yasiyochemshwa huweza kuleta homa ya kutupa mimba, ambayo humpata mtu kutoka kwa ng'ombe, na hata kifua kikuu. Wakitaka maziwa ya kuganda, wanunue yale yaliyochemshwa kabla ya kugandishwa.

Na neno moja kwa wavuna chai na wanywaji wa chai: chai kali pamoja na chakula huzuia mwili usichukue vizuri madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Mama mjamzito na mwenye upungufu wa damu wangoje saa moja baada ya kula ndipo wanywe chai. Nyanya mbichi, limau au chungwa pamoja na chakula husaidia madini hayo yapokelewe.

WENYE MGAO MDOGO

Si haki kuzungumza juu ya sahani kamili bila kuwataja wenye sahani nusu. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30. Mwaka 2021 ukashuka hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Mwaka 2023 kaya zikagawanywa katika makundi kufuatana na mahitaji, na baadhi zikaondolewa kabisa. Mtu wa Nakivale anayefunga ameingia katika saumu akiwa tayari na upungufu. Kumwambia anunue nyama na tende ni kumdhihaki.

Kwa huyo, mpango wa kugawa chakula una faida zaidi kuliko kwa mwingine yeyote. Chakula kidogo kikigawanywa kati ya jioni na daku humfikisha mbali kuliko kikiliwa chote kwa mara moja. Yako pia mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, loweka maharage usiku kucha, umwage maji yale, upike kwa maji mapya. Yataiva upesi, kuni zitapungua, na gesi ya tumbo itapungua. La pili, panda dodo au sukuma wiki katika magunia yenye udongo kando ya nyumba, uyamwagilie maji yaliyooshea vyombo. Mboga chache za kila siku zinabadilisha mgao mkavu kuwa mlo. La tatu, ponda kiganja cha karanga au unga wa dagaa uchanganye katika uji wa watoto na wazee. La nne, kaya 3 au 4 zichangie chungu kimoja. Mwenye maharage alete maharage, mwenye kuni alete kuni. Chungu cha pamoja hula kuni chache kuliko vyungu vinne, na futari ya pamoja ni sehemu ya mwezi wenyewe.

Chakula kilichopikwa kisiachwe wazi zaidi ya saa 2. Maharage yaliyopikwa asubuhi na kungoja magharibi huweza kuchacha bila kutoa harufu. Ni afadhali yapikwe jioni, na yakibaki kwa daku yachemshwe tena mpaka yatokote. Kuharisha wakati wa saumu ni hatari maradufu. Akiharisha mtu, na afungue, apewe maji yaliyochanganywa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa kila lita 1 ya maji safi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu, kisha apelekwe kituo cha afya.

USIKU NA DAKU

Kati ya futari na alfajiri unazo saa zisizopungua 10. Maji ya kesho hunywewa katika saa hizo. Mtu mzima ajaribu kupata vikombe 8 hadi 10: viwili wakati wa kufuturu, vinne au zaidi kidogo kidogo baada ya chakula na baada ya tarawehe, na viwili wakati wa daku. Kunywa vyote wakati wa daku hakusaidii, kwani vitatoka kwa mkojo kabla hujafika kazini. Maji yawe ya kuchemsha au yaliyotiwa dawa.

Wengi huacha daku kwa ajili ya usingizi. Mfanyakazi asifanye hivyo. Anayelala bila daku ameifanya saumu yake kuwa ya saa 20 na zaidi, kisha anaipeleka mbele ya mashine. Daku iliwe karibu na mwisho wa wakati wake, na iwe ya vyakula vinavyosagika polepole: katogo ya matoke na maharage, viazi vitamu na maziwa, uji mzito wa ulezi wenye karanga, yai la kuchemsha ikiwa lipo, na tunda moja. Samaki wa chumvi, achari na vyakula vyenye chumvi nyingi vitakutia kiu kutwa. Chai na kahawa iwe kikombe kimoja tu.

Anayefanya zamu ya usiku naye asisahau. Abebe daku yake katika kopo lenye mfuniko na chupa yake ya maji, na asitegemee duka la nje ambalo huenda limefungwa.

WAGONJWA NA WANAOFUNGA SIKU NYINGI

Dini yenyewe imemfungulia mlango mgonjwa na msafiri kulipa siku nyingine, na Kurani inalitaja jambo hilo katika Sura ya Al-Baqara. Hukumu waulizwe masheikh. Sisi tunasema upande wa afya.

Mwenye kisukari amwone daktari kabla ya mwezi kuanza, si baada ya kuzirai. Anayetumia sindano za insulini yumo katika hatari kubwa zaidi. Akifunga, apime sukari mchana, na masheikh wengi wanakubali kwamba kupima hakubatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.7 kwa kipimo cha milimoli, afungue mara moja. Akitetemeka, akatoka jasho baridi na kuchanganyikiwa, asingoje kipimo wala adhana. Apewe kitu cha sukari, na wenzake wasimwache peke yake.

Mwenye vidonda vya tumbo, presha au maradhi ya figo aulize kwanza. Mwenye kutumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya UKIMWI asiache hata dozi moja. Dawa nyingi za mara moja kwa siku zinaweza kuhamishiwa jioni kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Dada zetu wajawazito na wanyonyeshao, hasa wanaobeba vikapu vya chai, wasione aibu kutumia ruhusa waliyopewa.

Kwa ndugu wa maombi wanaofunga siku nyingi mfululizo, tunasema kwa heshima: kufunga bila maji kwa siku 3 ni hatari ya kufa, na kazi nzito huikaribisha hatari hiyo. Aliyekaa siku nyingi bila chakula naye asifungue kwa sahani ya nyama. Mwili uliozoea kukosa ukipokea chakula kingi ghafla, madini ya damu huvurugika, na moyo huweza kushindwa. Aanze kwa uji mwepesi kidogo kidogo, na ikiwa amezidisha siku 5, afungue chini ya uangalizi wa kituo cha afya. Vivyo hivyo, siku ya Pasaka au ya Idi, tumbo lililozoea mboga au mlo mdogo lisishindiliwe nyama ya mafuta tangu asubuhi hadi usiku.

KAZI YA CHAMA

Ndugu, yote tuliyoyasema yanahitaji kitu kimoja ambacho mfanyakazi hawezi kukinunua sokoni, nacho ni muda. Mtu wa zamu ya jioni atafunguaje kwa kutua ikiwa hana ruhusa ya kuacha mashine? Atakunywaje maji ikiwa bomba liko mbali?

Katika kile kiwanda tulichokitaja juu, jioni moja mwenzetu mmoja alipepesuka mbele ya mashine, na akadakwa mkono kabla haujafika kwenye meno ya gurudumu. Baada ya hapo hatukungoja barua. Wakristo wa zamu ile walijitolea kushika nafasi za Waislamu kwa robo saa kila magharibi, na Waislamu wakashika nafasi zao asubuhi ya Krismasi na ya Pasaka. Mashine haikusimama hata siku moja. Msimamizi alipoona uzalishaji haukupungua, alikubali utaratibu ule uandikwe.

Sheria zipo za kutuegemeza. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa kwa wafanyakazi. Na Sheria ya Wakimbizi, ambayo pia ni ya 2006, inampa mkimbizi haki ya kupata kazi. Mambo mengine hupatikana kwa mazungumzo. Kwa hiyo kila tawi, mwezi mmoja kabla ya mfungo, liketi na mwajiri na kupendekeza yafuatayo:

1. Dakika 15 za kufungua saumu kwa zamu ya jioni, bila kukatwa mshahara.
2. Maji safi na mahali pa kukaa karibu na pa kazi.
3. Ruhusa ya kubadilishana zamu kwa hiari.
4. Kazi nzito na ya juani ifanywe asubuhi, na wavuna chai waruhusiwe kuanza mapema.
5. Mfanyakazi anayejisikia vibaya aondolewe kwenye mashine bila kuadhibiwa.

Mvuna chai analipwa kwa kilo, na kibarua analipwa kwa siku. Hao ndio wanaojilazimisha mpaka waanguke, kwa kuwa asiyefanya kazi halipwi. Wasimamizi wa matawi wawatazame hao kwanza.

YA KUBANDIKA UKUTANI

Fungua kwa maji na tende au ndizi mbivu. Sali au pumzika robo saa. Kula mlo wa kuchemsha wenye maharage na mboga. Punguza mafuta, sukari na chumvi. Kunywa maji kidogo kidogo mpaka usiku. Usiache daku. Mgonjwa aulize kabla ya kufunga. Mwenzako akipepesuka, mshike, mkalishe, mfungulie.

Mfanyakazi hana shamba kubwa wala akiba benki. Mtaji wake ni mwili wake. Tuutunze katika mwezi wa saumu kama tunavyoutunza katika miezi mingine, na tutunzane. Umoja ni nguvu.